Bustani Tuliyopewa Mwaka 1899

Siku Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho la Mji Mkongwe wa Unguja, ilipoanguka simu yangu haikutulia. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 25 Disemba 2020. Kufikia magharibi picha ile ile ya vumbi na mawe nilikuwa nimeshatumiwa na watu wa Muscat, wa London, wa Toronto, na jirani yangu wa mlango wa pili ambaye angeweza kunigongea tu. Watu wawili waliokuwa kazini kwenye ukarabati walifariki, Mungu awarehemu. Kila aliyetuma picha alitia neno la msiba chini yake: historia yetu imeanguka, makumbusho yetu yamekwenda.

Nami niliumia. Lakini usiku, nimelala chali naangalia boriti, nikajiuliza: wewe mwenyewe mara ya mwisho uliingia lini humo? Nikahesabu, nikahesabu tena. Jengo lilikuwa limeanza kudondoka zamani. Kipande cha baraza kiliporomoka mwaka 2012, mwaka 2015 kikafuata kipande cha paa. Na hata kabla ya hapo, kila nilipoingia nilikuwa na mgeni. Sisi watu wa mjini makumbusho tumeyafanya kama vile vikombe vya kabatini. Hata siku moja hatunywei chai ndani yake, lakini kimoja kikivunjika nyumba nzima inapiga kelele.

Kwa hivyo leo nataka kusema jambo ambalo najua wengine hawatalipenda. Makumbusho ya mji huu tulikwisha kuyapoteza kabla ya ukuta wowote kuanguka, na tuliyapoteza pamoja na bustani yake. Kwa sisi tuliokulia mtaa wa Kikwajuni, neno "Makumbusho" halikuwa na maana ya Beit al-Ajaib. Lilikuwa ni lile jengo jeupe la kuba pale kwenye kona ya Mnazi Mmoja, Beit al-Amani, na ukifuata barabara ya Kaunda kwa dakika chache unaikuta Bustani ya Victoria. Beit al-Ajaib ilikuwa ya pwani, ya picha za posta. Hivi viwili ndivyo vilivyokuwa vyetu.

Nianze na bustani, kwani ndiyo kongwe.

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, alikuwa na maradhi ya kujenga. Alivuta maji ya chemchem ya Bububu mpaka mjini, akasimamisha Beit al-Ajaib mwaka 1883, akajenga kasri la Marhubi, akajenga la Chukwani. Alikwenda Uingereza mwaka 1875, na inasemwa kwamba kuta za bustani za mabwana wa kule zilimkaa rohoni, akarudi akaizungushia Marhubi ukuta wa namna hiyo. Na hapa mjini, upande wa Vuga, akatengeneza bustani na hamamu kwa ajili ya masuria wake. Ilikuwa mahali pa starehe kweli kweli, ila starehe yenyewe ilikuwa nyuma ya ukuta. Mpita njia nadhani aliona vichwa vya miti tu.

Mimea mingi ya humo aliileta John Kirk, konseli wa Uingereza. Kirk alikuwa daktari na mjuzi wa mimea, mtu aliyesafiri na Livingstone kule Zambezi, na nyumbani kwake Mbweni alikuwa na miche ya kila pembe ya dunia. Huyu ndiye yule yule aliyembana Barghash mwaka 1873 mpaka akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Ukitaka kuelewa Unguja ya wakati ule, tazama hapo: mtu asubuhi anakutishia kwa manowari, jioni anakuletea miche ya maua.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari hazikutisha tena, zilipiga. Khalid bin Barghash alikuwa ameingia kasrini kukalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza, na mizinga ikafanya kazi yake kwa muda usiofika saa moja. Kasri la Beit al-Hukm likasambaratika na halikujengwa tena. Pale lilipokuwa, kati ya Beit al-Ajaib na Beit al-Sahel, pakaoteshwa bustani. Kuna watalii wanapigana picha pale kila siku, na sijamsikia muongozaji akiwaambia kwamba wamesimama juu ya nyumba iliyopigwa mizinga. Siku ile ile Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti. Mwaka uliofuata alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria, na mwaka 1899, kwa heshima ya jubilei ya Malkia Victoria, akawapa watu wa mji ile bustani ya masuria ya Vuga.

Rafiki yangu mmoja wa barzani kila nikifika hapa hunikata. "Zawadi gani hiyo? Mtu kapewa kiti na mizinga ya Victoria, kisha anatoa bustani kwa jina la Victoria. Hiyo ni shukurani, si sadaka." Anasema kweli, sina la kumjibu. Lakini mimi katika habari hii siuangalii mkono uliotoa, nauangalia mlango. Ulikuwa umefungwa, ukafunguliwa. Na ajabu ni kwamba mwaka huo huo wa 1899 kasri la Marhubi likaungua moto. Leo ukienda utakuta nguzo zimesimama bila ya kubeba kitu, hamamu bila ya maji, na miembe ambayo haijali nani anatawala.

Juu ya hamamu za Vuga pakajengwa ukumbi, nao ukaitwa Victoria Hall, na kuanzia 1926 Baraza la Kutunga Sheria likawa linakutana humo mpaka ulipofika mwaka 1964. Pale walipokuwa wakioga masuria ndipo wajumbe waliponyoosheana vidole juu ya kodi na karafuu. Baada ya Mapinduzi ukumbi ukaachwa. Sisi watoto wa miaka ya themanini tuliukuta gofu, na gofu kwa mtoto ni bora kuliko ukumbi. Tulikuwa tukipita tukitoka skuli, champali mkononi ili tukimbie vizuri, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba chini ya sakafu kuna mashetani ya hamamu na kwamba ukisikia maji yanamwagika usigeuke. Mimi niliyasikia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ni kaka yangu anakojoa nyuma ya ukuta.

Jumapili alasiri bustani ilikuwa na watu. Sio wengi, lakini walikuwapo: wazee wawili na bao lao, wanafunzi wa Vuga na vitabu vyao, wachumba ambao hawakutaka kuonekana na mtu wa mtaa wa Malindi. Mama alikuwa akitununulia bisi kwenye pakiti ya karatasi, tunakaa kwenye mizizi ya mti ambao mpaka leo silijui jina lake. Hakukuwa na tiketi wala kilichouzwa zaidi ya hizo bisi. Ukimaliza unaondoka na chumvi vidoleni.

Miaka ya tisini gofu likakarabatiwa, likawa zuri, likawa ofisi. Sina ugomvi na ukarabati, jengo likiezekwa ni neema. Lakini ofisi ina tabia yake: huleta geti, geti huleta mlinzi, na mlinzi, maskini, kazi yake ni kuuliza. Kuna mahali hapa mjini, sipataji, niliwahi kuingia nikakaa kwenye benchi chini ya mti, nikajiwa na kijana mwenye sare. "Shikamoo mzee. Umekuja kwa nani?" Nikamwambia sikuja kwa mtu, nimekuja kukaa. Akanitazama kama niliyemwambia nimekuja kuruka na ungo. Hakunifukuza, alikuwa na adabu zake. Alisimama tu karibu yangu mpaka nikaona haya, nikanyanyuka.

Sasa nije kwa Makumbusho yenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza palitakiwa ukumbusho wa amani, na badala ya mnara wakaamua kujenga nyumba ya elimu. Aliyeichora ni John Houston Sinclair, afisa wa Kiingereza aliyefikia cheo cha Resident, yaani mwakilishi mkuu wa Uingereza hapa, na ambaye alama yake ipo kila pembe ya Vuga. Mahakama Kuu ni yake pia. Alipenda kuchanganya, hapa tao la Kiarabu, pale kuba la Kituruki. Beit al-Amani, jengo la pembe sita na kuba lake, watu hulifananisha na Aya Sofia ya Istanbul iliyofuliwa ikasinyaa. Ilifunguliwa mwaka 1925, na mtunzaji wake wa kwanza alikuwa daktari, Dk. Spurrier, aliyekuwa amefanya kazi Unguja kwa miaka mingi.

Nilipelekwa na skuli nikiwa darasa la nne. Tuliongozana wawili wawili, tumeshikana mikono, mikono yenyewe ina jasho. Ndani palikuwa baridi, na sauti zetu zilipanda kwenye kuba zikarudi kama za watu wengine. Mwalimu alitwambia tusiguse kitu. Palikuwa na sanduku la dawa la Livingstone, ambalo sisi tulilipita haraka; dawa za mzungu aliyekufa zilituhusu nini. Tulisimama kwenye ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji wa Unguja zamani, zile zilizotoka kasrini kwake Dunga pamoja na siwa yake, kwa sababu mwalimu alisema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba zamani ngoma hizi zikilia zenyewe pakikaribia balaa. Kutoka hapo hakuna aliyesikiliza kitu kingine. Darasa zima lilikuwa linangojea zilie.

Kisha tukavushwa barabara kwenye nyumba ndogo ya wanyama, na humo ndimo alimokuwa chui.

Aliyelelewa Unguja anajua kwamba chui wa kisiwa hiki si mnyama tu. Kuna wa mwituni na kuna wa kufugwa, na wa kufugwa wana wenyewe, na wenyewe hawatajwi baada ya magharibi. Miaka ya sitini, baada ya Mapinduzi, mganga Kitanzi alizunguka mashamba akiwafichua wachawi, na chui wakasakwa na kuuawa pamoja na kampeni hiyo. Wataalamu wa wanyama walikuwa wamempa jina la kitaalamu tangu 1932, wakimtenga na chui wa bara. Tangu mwisho wa karne iliyopita wengi wanahesabu kwamba keshatoweka, na mwengine akisema kamuona, wasikilizaji hugawika mara moja.

Yule wa Makumbusho alikuwa amejazwa, amepauka. Madoa yake yalikuwa kama ya chai kwenye kitambaa cha meza kilichofuliwa mara nyingi. Macho ya kioo yalitazama juu ya vichwa vyetu, mlangoni. Nilipomsimulia bibi yangu usiku ule, aliacha kuchambua mchele. "Ulimgusa?" Nikasema yumo ndani ya kioo. Akafikiri, akarudi kwenye ungo wake. "Basi mwenyewe hakuwa na nguvu."

Mnielewe. Lile jengo halikunifundisha historia kwa tarehe. Tarehe hizi zote nimezijua ukubwani. Lilinipa jambo la kumsimulia bibi, na bibi akanipa lake, na habari ya chui ikawa imekutana na wenyewe ndani ya siku moja. Hilo liliwezekana kwa sababu Makumbusho yalikuwa njiani. Yalikaa pale mitaa ya Ng'ambo inapokutana na Mji Mkongwe, karibu na hospitali, karibu na skuli, na kiwanja cha Mnazi Mmoja mbele yake, ambacho zamani Waingereza walichezea gofu na sisi tukakipindua kuwa cha mpira na cha sikukuu. Siku ya Idd ulikuwa huwezi kwenda kwenye bembea bila kuliona kuba.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili pakaamuliwa kwamba makumbusho makubwa yawe Beit al-Ajaib, na vitu vikaanza kuhamia huko. Mji Mkongwe ulikuwa umeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, watalii wanaongezeka, na ile nyumba ya baharini, ya kwanza kuwa na umeme, inavutia macho kabla hujashuka botini. Hesabu hiyo naielewa. Na si kwamba kazi iliyofanyika ilikuwa mbaya. Pale uani palikuwa na mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari hata mmoja, na mimi niliyejidai mjuzi wa bahari nilisimama mbele yake kama mtoto. Lakini nyumba ile ilisimama mahali wanapopita wageni. Mtoto wa Kikwajuni haendi Forodhani kwa kupita tu; anapelekwa, tena usiku, tena kwa urojo.

Nimetaja Forodhani kwa makusudi, kwani ndiyo hoja wanayonitupia. Wananiambia: bustani tunayo, unalilia nini? Kweli tunayo. Ilifunguliwa mwaka 1936 ikiitwa Bustani ya Jubilei, kwa miaka 25 ya utawala wa Seyyid Khalifa bin Haroub, ikiwa na banda lake la beni. Ilichakaa sana, kisha watu wa shirika la Aga Khan wakaitengeneza upya, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Tazama kilichotokea: watu walijaa siku ya kwanza na hawajaondoka mpaka leo. Vijana wanapiga mbizi kutoka ukutani, akina mama wanakaa na watoto wao, miwa inasagwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa upande wangu. Wanaosema Waswahili hawana desturi ya bustani waende pale saa mbili usiku watafute pa kukaa. Ila Forodhani ni sokoni pia, na kwenye sahani ya pweza bei hutajwa baada ya kuutazama uso wa mnunuzi. Ukikaa pale na watoto wanne bila kununua kitu, wa kwanza atasema anaona kiu, na jioni yako imekwisha hesabu.

Beit al-Ajaib itajengwa. Naamini hivyo, kwa sababu ni sura ya nchi, na Oman walikuwa tayari na mkono wao ndani ya ukarabati kabla ya maafa. Sura ya nchi haikosi mfadhili. Ninachokiogopa ni kwamba tutafurahi sana siku ya kukata utepe hata tusahau kuuliza chui yuko wapi. Ningekuwa na sauti, ningesema ngoma za Mwinyi Mkuu na chui wawekwe Beit al-Amani, pale pale pa zamani, na watoto wa skuli waingie bure siku yoyote, si siku ya maadhimisho. Ningesema Bustani ya Victoria iwekewe mabenchi ya saruji yasiyoibika, taa mbili tatu, na ubao mlangoni wenye maneno machache kwamba bustani hii ni ya watu wa mji tangu 1899. Ile jubilei wala isitajwe, rafiki yangu wa barzani asije akapata presha.

"Haiingizi pesa," aliniambia huyo huyo, nilipomweleza. Hapo ndipo tulipogombana kweli, mpaka muuza kahawa akatuamua. Nilimuuliza Mnazi Mmoja inaingiza shilingi ngapi watoto wakicheza mpira. Akasema hicho ni kiwanja. Nikamwambia na ile ni bustani. Tukanywa kahawa yetu kimya.

Wiki iliyopita nilipita kule Vuga alasiri, jua bado kali. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro kando ya barabara, kanga ameifunika kichwani juu ya buibui, hotpoti juu ya mapaja. Nilimsalimia. Alikuwa na mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja, kamletea uji na samaki wa kupaka, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado. Katoka Makunduchi kwa daladala tangu saa nne. Nyuma yake, umbali wa kurusha jiwe, miti ilikuwa imetandaza kivuli kizuri kabisa.

Nikamuuliza, bi mkubwa, mbona hukai kule bustanini?

Akageuza shingo, akaitazama ile miti, akanirudia mimi.

"Mle si ofisini, mwanangu?"